Kopo la kunasa oili, mpira wa asili, au kuelekeza moshi chini: kipi kinafaa injini yenye tabo iliyotembea sana?

Msafiri_wa_Marafa
Assalaam aleikum ndugu zangu. Gari langu lina injini yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ambayo imeshatembea sana, na sasa mpira wa kupumulia, ule unaotoa moshi wa ndani ya injini kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na kuuingiza mbele ya tabo, unalowa oili hadi inadondoka kwenye maungio. Mafundi watatu wa hapa Malindi wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema niusafishe mpira na kuuacha wa asili, yaani kama kampuni ilivyoufunga. Wa pili anataka kunifungia kopo la kunasa oili katikati ya mpira huo kwa shilingi 9,500. Wa tatu anasema niung'oe kwenye tabo, niuelekeze chini ya gari, nami nitasahau kuwa niliwahi kuwa na shida. Msimu wa maembe umekaribia na gari haliwezi kulala gereji, kwa hiyo Jumatatu lazima nimpe mmoja wao kazi. Aliyewahi kutumia mojawapo ya njia hizi naomba aniambie ipi inadumu.

Fundi_Maweni
Wa aleikum salaam. Bwana Msafiri, umetuuliza dawa bila kumtaja mgonjwa. Ni injini gani, ya dizeli au ya petroli? Imetembea kilomita ngapi? Unaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi mbili? Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, moshi unatoka kwa upole au unasukuma kama birika linalochemka? Na kichujio cha hewa kilibadilishwa lini? Hilo la mwisho watu hulipuuza, ilhali kichujio kilichoziba kwa vumbi huongeza uvutaji mbele ya tabo, na uvutaji huo ndio unaonyonya oili kutoka kwenye kava hata kama ringi (pete za pistoni zinazozuia gesi kushuka chini) ni nzima.

Kipepeo_wa_Gede
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo. Funga kopo. Nimelitumia kwenye Prado yangu kwa miaka minne na kila mwezi namwaga uchafu mweusi uliochanganyika na maji, ambao vinginevyo ungepita kwenye tabo, ukajaa ndani ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na kugandamana na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kugawa hewa kwa silinda, hadi njia ya hewa ikabaki nyembamba. Jambo la muhimu ni kununua kopo lenye kichujio cha ndani na vali ya usalama, kama ProVent ya Mann+Hummel, wala si mkebe uliochomelewa na kujazwa waya wa kusugulia sufuria. Uzi mmoja wa waya huo ukinyonywa na tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, shilingi zako 9,500 zitageuka kuwa bei ya tabo nyingine.

Mwana_wa_Shela
Kipepeo, kopo ni zuri kwa mtu anayekumbuka kulimwaga. Niruhusuni nieleze yaliyonipata, ingawa ni marefu.

Nilikuwa na Mitsubishi ya zamani yenye injini ya 4D56 ya tabo, ambayo ilikuwa inapumua kwa nguvu, yaani inasukuma gesi nyingi kwenye mpira wa kupumulia. Nilifungiwa kopo la kutengenezwa mtaani, lisilo na kioo cha kuonyesha kiwango wala ukuta wa ndani wa kutenganisha oili na moshi. Wiki za mwanzo nililimwaga kila Ijumaa. Baadaye nikawa na harusi ya ndugu yangu, nikasahau kwa zaidi ya mwezi mmoja. Siku moja nilikuwa natoka Malindi kwenda Mombasa na mzigo. Nilipovuka daraja la Kilifi na kuanza kukanyaga mafuta, oili yote iliyokuwa imejaa kwenye kopo ilinyonywa kwa mkupuo mmoja. Injini ikapandisha mizunguko yenyewe. Niliinua mguu, haikushuka. Nilizima ufunguo, haikuzimika, kwa sababu haikuwa tena inakula dizeli bali inakula oili yake yenyewe. Moshi mweupe ulifunika barabara hadi gari za nyuma yangu zikasimama. Kilichoniokoa ni kwamba gia ilikuwa ya mkono: niliingiza ya tano, nikakanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi, ikazimika kwa kishindo. Kama ingekuwa gia ya otomatiki, ingebidi nizibe njia ya hewa, na sijui nani angethubutu kusogeza mkono pale. Pistoni moja ilipinda mkono wake, na injini hiyo haikufaa tena.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa mpira wa asili, uliosafishwa, basi.

Kipepeo_wa_Gede
Pole sana, kaka, lakini uliyoyaeleza ni hatia ya kopo baya na ya kusahau. Kopo lenye mrija wa kurudisha oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupitia vali ya njia moja halijai namna hiyo.

Dereva_wa_Stendi
Kuhusu kuelekeza moshi chini, mimi ninaendesha HiAce ya abiria, na injini yetu iko chini ya viti vya mbele. Mwenye gari aliwahi kufanya hivyo. Tulipokuwa tumesimama kwenye foleni ya Mtwapa, moshi ulikuwa unapanda hadi abiria wa mbele wanafungua madirisha na kukohoa. Kibaya zaidi, fundi aliacha tundu la upande wa tabo limezibwa kwa kitambaa. Kitambaa kilipolegea, tabo ikawa inavuta vumbi lisilochujwa, na vumbi la pwani lina mchanga. Anayetaka njia hiyo azibe tundu hilo kwa kizibo cha chuma au cha mpira mgumu chenye klipu.

Msafiri_wa_Marafa
Samahani kwa kuwakatia maelezo. Gari ni Hilux ya mwaka 2008, injini ya dizeli ya 1KD ya lita 3.0, gia ya mkono, kilomita 387,000. Naongeza kama lita moja na nusu kati ya sevisi mbili. Nikifungua kifuniko, moshi unapuliza kwa mapigo. Kichujio cha hewa sikumbuki, na barabara yangu ya Marafa mnaijua. Asubuhi kuna sauti ndogo ya "chu-chu" upande wa juu wa injini, inayopungua ikipata moto.

Fundi_Maweni
Sasa umesema. Msimpe kopo bado. Katika 1KD, washa (pete bapa) za shaba zilizo chini ya nozo (vipulizia dizeli) huchoka, na moto wa silinda hupenya na kuingia moja kwa moja ndani ya tapeti kava. Mtu huona injini inapumua, akadhani ni ringi, kumbe gesi haikupita kwenye pistoni hata kidogo. Tena moto huo na masizi yake huichoma oili ikawa vipande vyeusi vinavyoshuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka, mara nyingi muda umeshapita. Sauti yako ya asubuhi na hayo mapigo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Fungua nozo, badilisha washa zote nne, kisha teremsha sampu ulitazame chujio.

Shinikizo hilo likibaki ndani, hata tabo nzima huvujisha oili, kwa sababu oili yake hurudi kwenye sampu kwa mteremko tu, na huwezi kumwaga maji kwenye chupa inayopulizwa kutoka chini. Nimeona watu wakinunua tabo mbili mfululizo kwa kosa hilo.

Mwana_wa_Shela
Ahsante, Fundi. Naongeza kwamba aache oili nyepesi ya 5W-30 na kutia nzito ya 15W-40. Kwa joto letu hili, nyepesi mara nyingi hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko nzito.

Fundi_Maweni
Sikubaliani nawe. Oili nzito itaficha dalili kwa mwezi mmoja, nozo itaendelea kuvuja.

Mwana_wa_Shela
Sikusema itatibu, nimesema itapunguza. Mbona malori yote ya chumvi ya Gongoni yanatumia nzito?

Nahodha_wa_Mokowe
Nawasabahi kutoka Lamu. Kabla hamjagombana juu ya oili, kuna kipimo kisicho na gharama. Chukua mpira wa wazi, ule wanaotumia wajenzi kupima usawa kwa maji, ukunje kwa umbo la U na kuutia maji nusu. Ncha moja ibane vizuri kwenye bomba la dipstiki (kijiti cha kupimia oili), nyingine iache wazi. Washa injini ikiwa na moto, shikilia mizunguko 2,500, usome tofauti ya viwango vya maji. Injini yenye afya hukaribia usawa au huvuta kidogo, kwa sababu mpira wake umeungwa kwenye njia ya tabo. Maji yakisukumwa kuelekea ncha ya wazi, kuna gesi nyingi kuliko njia inavyoweza kutoa. Pima, badilisha kichujio cha hewa, safisha mpira, kisha pima tena. Sisi kwenye injini za dizeli za mashua hufanya hivyo kabla ya kufungua kitu chochote.

Msafiri_wa_Marafa
Nimepima jana jioni. Maji yamesukumwa sentimita 9, na yanacheza kwa mapigo. Baada ya kichujio kipya cha hewa na kusafisha mpira yamebaki kama 7.

Fundi_Maweni
Mapigo ya namna hiyo kwangu ni silinda moja inayovuja. Anza na washa.

Kipepeo_wa_Gede
Au ni ringi iliyovunjika katika silinda moja. Pima kampresheni (mgandamizo wa kila silinda) kwanza, kisha ufunge kopo, maana kwa kilomita 387,000 itaendelea kupumua hata ukibadilisha washa.

Msafiri_wa_Marafa
Fundi wa nozo hana nafasi hadi Alhamisi ya wiki ijayo, nami nina mzigo wa soko la Kongowea, Mombasa, Jumamosi hii. Je, naweza kwenda na kurudi na mpira wa asili, nikitembea polepole?

Dereva_wa_Stendi
Ningekuwa mimi, ningekodi gari la mtu.

Nahodha_wa_Mokowe
Kabla hajajibiwa hilo, bwana Msafiri, tuambie dipstiki inasoma wapi sasa, juu ya alama au chini yake, na je, oili yake inanuka dizeli?