Je, bustani ya jamii na hifadhi zinaweza kufundisha zaidi ya matembezi ya siku moja?

Mlezi wa Miche:

Wanajukwaa, salaam. Ninashiriki katika kikundi cha kujitolea kinachotunza bustani ya jamii iliyopakana na hifadhi ndogo ya msitu. Tangu mwanzo tulikusudia kutoa elimu ya mazingira kwa wakazi wa jirani, watoto kwa wazee. Wageni huja, tukawatembeza, wakasoma vibao vyenye majina ya miti, wakapiga picha na kuondoka wamefurahi. Lakini nikiwauliza baadaye wamejifunza nini, wengi hukumbuka majina mawili matatu tu, na sioni kilichobadilika katika namna wanavyoutunza udongo, maji na miti ya makwao. Ninyi mnaofanya kazi hii, mnayapangaje mafunzo yadumu? Na kati ya bustani na hifadhi, mngeanzia wapi?

Shamba Darasa:

Ndugu Mlezi wa Miche, swali lako linawagusa wengi wetu. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya mazingira uliofanyika Tbilisi, Georgia, mwaka 1977, ulioandaliwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kwa kushirikiana na UNEP, lile la mazingira, uliyagawa malengo ya elimu hii katika mafungu matano: utambuzi, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Matembezi ya kuongozwa hugusa mafungu mawili ya kwanza, tena kwa juu juu, na hakuna kibao kinachoweza kumpa mtu stadi. Mimi ningeanzia bustanini, kwa kuwa huko mtu anaruhusiwa kuchimba, kung'oa, kupanda vibaya na kupanda tena, mambo ambayo hifadhini yamekatazwa, na ni haki yakatazwe.

Ipeni kila familia, au kila kundi la watoto, tuta lake kwa msimu mzima, kuanzia kuandaa udongo hadi kuhifadhi mbegu. Atakayeona miche yake imenyauka kwenye udongo ulioachwa wazi, huku ya jirani iliyofunikwa kwa matandazo ikiwa bado imesimama, hatahitaji kuhubiriwa juu ya unyevu wa ardhi.

Lundo la mboji nalo ni darasa zima. Vijidudu wanaoozesha masalia huhitaji kaboni kiasi cha sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Ndiyo maana majani makavu peke yake, yenye kaboni nyingi, huchelewa kuoza, na majani mabichi peke yake, yenye nitrojeni nyingi, hutoa harufu mbaya. Lundo lililochanganywa vizuri, likawa na ukubwa wa kutosha, hewa na unyevu, linaweza kufikia joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi bila moto wowote. Wapeni watoto kipimajoto, waandike wanachokiona, kisha waulizeni joto hilo limetoka wapi. Msiharakishe kuwajibu. Vivyo hivyo, vidukari wakivamia mimea, zuieni mkono usikimbilie dawa. Subirini siku kadhaa muone ni wadudu gani watakaofika kuwala.

Mwangalizi wa Ndege:

Nakubaliana na mengi aliyoandika Shamba Darasa, ila sikubali kwamba hifadhi isubiri. Bustani iliyopakana na msitu haiwezi kufundishwa peke yake, kwa sababu kinachopandwa upande mmoja huvuka kwenda wa pili. Tazameni lantana, kile kichaka cha maua, na gugumaji: yote mawili asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, na yote mawili yalisambazwa duniani kama mapambo ya bustani na mabwawa. Ndege hula matunda ya lantana na kudondosha mbegu zake mbali, kisha mmea huo hufunga vichaka vizito vinavyoinyima miche ya asili mwanga na nafasi. Kwa hiyo somo la kwanza lingekuwa kukagua bustani yenyewe: ni mimea gani humu inaweza kuwa vamizi kule? Baada ya hapo, kwa ruhusa na uongozi wa wasimamizi wa hifadhi, kikundi kishiriki kuing'oa mimea vamizi na kurudi mara kwa mara kuangalia kinachoota mahali pake. Kurudi huko ndiko kunakofundisha zaidi, na ndiko wengi wetu tunakokuruka.

Hifadhi pia inafaa kwa kuhesabu. Mwaka 1900, nchini Marekani, mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipendekeza watu wawahesabu ndege wakati wa Krismasi badala ya kuwawinda, na zoezi hilo la kujitolea linaendelea hadi leo. Chagueni njia moja ndani ya hifadhi, mwipite kwa saa ileile kila mwezi, na mwandike mnachokiona na mnachokisikia.

Mlezi wa Miche:

Nawashukuru sana. Limebaki jambo moja linalonitia wasiwasi: hatuna mtaalamu wa mimea katika kikundi. Nani atafundisha?

Mzee wa Kitalu:

Mwanangu, anzeni na wazee wenu. Wapo wanaojua ni mti gani huchanua kabla ya mvua, ni mbegu gani hulowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa, na chemchemi ipi imekauka katika uhai wao. Waketisheni pamoja na vijana, na kumbukumbu zao ziandikwe kwa idhini yao. Mtaalamu mwiteni kwa mambo yanayodai uhakika: kutambua mimea yenye sumu kabla watoto hawajaishika, na kupima udongo kama eneo liliwahi kuwa karakana au jalala, maana madini ya risasi hayaonekani kwa macho na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Kipimo hicho kifanyike kabla ya kugawa matuta, na majibu yake yasomwe mbele ya kila familia itakayolima hapo.