Nyumba ya pwani Amu: nivunje ukuta nipanue chumba au niache?

mjukuu_wa_mkomani
Salaam aleikum wana jukwaa, naombeni ushauri kabla sijafanya kosa. Tumeachiwa nyumba na marehemu nyanya, iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Amu (Lamu), mbele kabisa, ukifungua dirisha la juu unakiona kisiwa cha Manda ng'ambo na mashua zikipita chini yako. Sasa vyumba ni virefu lakini vyembamba jamani, nimepima kimoja nikapata mita 2 na sentimita 60, kingine 2 na 70, ukiweka kitanda cha kisasa hupiti. Kontrakta tuliyemleta kutoka bara anasema tung'oe dari lote, tuangushe ukuta wa kati, tumwage zege tupate sebule moja kubwa ya kutazama bahari. Ndugu zangu washakubali, mimi roho yasita. Kuna anayejua kwa nini wazee walijenga hivi? Ilikuwa fasheni tu ama kuna sababu?

fundi_chokaa
Waaleikum salaam ndugu yangu, tafadhali usimruhusu mtu kuinua nyundo hapo. Sababu ni mti. Dari la nyumba za Amu limelala juu ya boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, halafu kokoto na chokaa, imepigwa imepigwa mpaka ikashikana. Huo mzigo ni mzito ajabu. Boriti ndefu zaidi zapatikana msituni lakini ukiibebesha dari kama hilo na ukavuka mita tatu hivi itaanza kupinda, kwa hiyo mwashi alikuwa anapima mti kwanza ndipo anapima chumba. Nyumba yako imekatwa kwa kipimo cha mkoko.

Na hilo zege, utakuja kulia. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi kutoka chini, hasa nyumba ya pwani kama yako, chokaa inauacha upumue lakini saruji inaufungia ndani. Juzi juzi nilifungua nyumba moja iliyopigwa plasta ya saruji, plasta imetengana na ukuta kama ganda la yai bovu, nikaipachua kwa mkono tu, nyuma yake jiwe limekuwa unga unamwagika sakafuni. Boriti ya juu kidogo ya hapo, ambayo ni ya zamani kuliko wote tuliokuwa mle ndani, nikaigonga na nyundo ikalia ngo! kama chuma.

Baharia254
Naheshimu fundi lakini tuseme ukweli, watu nao wanaishi. Mtu ana watoto watano atawalaza wapi na mita mbili na nusu? Tukiambiwa tu usiguse usiguse ndio vijana wanauza nyumba kwa wageni wanahamia Mombasa.

fundi_chokaa
Neno lako lina uzito baharia, na mimi sisemi asiguse. Wazee wenyewe walilijibu hilo. Angalia misana, yaani vile vyumba virefu vya kukaa, msana wa tini na msana wa yuu viko sambamba, na ukuta wa kati umeachwa nafasi pana hivi mtu anakaa huku anaona mpaka kule kiwandani, yaani uani. Boriti bado zimelalia kuta zao, jicho ndilo limepewa upana. Kwa hiyo mjukuu, kabla ya chochote mtafute mwashi wa hapo hapo akuangalizie kama ukuta wa kati unaweza kufunguliwa kwa namna hiyo, na uende Makumbusho ya Taifa kuomba ruhusa, maana mji wa kale unalindwa kisheria na tangu 2001 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

mtoto_wa_mkataji
Nimesoma hii nikamkumbuka baba. Alikuwa mkata boriti, wanaingia mitoni na bamvua, maji yakijaa sana, wanalala huko, mbu usiseme, wanakata kwa shoka wamezama topeni mpaka magotini, wanarudi na jahazi limejaa. Boriti zikishushwa pwani zinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu wa Amu akikwambia pau hakwambii mti wowote tu.

Ninachotaka kusema ni kwamba watu wakija Amu wanapiga picha nyumba, punda na majahazi kama vitu mbali mbali na ni kitu kimoja. Nyumba ni mkoko. Chokaa yenyewe ilichomwa kwa kuni za mkoko. Jahazi lililokaa mchangani hapo maji yakipwa, watu wanalikalafati, wanaziba nyufa zake, mataruma yake (mbavu zake) mara nyingi ni mkomafi au mlilana, ni miti ya humo humo. Na samaki na kamba wanaolisha mji wanakulia kwenye mizizi yake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Sasa mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma wakataji wetu walikaa bure nyumbani, na mwaka huo huo mahakama kuu ya Malindi ikaamua kwamba ujenzi wa bandari mpya ya Lamu uliwavunjia wavuvi haki yao ya mazingira na ya utamaduni. Ya utamaduni! Niliposikia hilo neno limetoka mahakamani nilifurahi sana, maana sisi siku zote tunaambiwa utamaduni ni ngoma na kanzu.

Mkataji anayejua kazi anachagua mti, anaacha michanga ikue. Msitu ukiisha mwashi atakosa boriti, na akikosa boriti hilo zege la kontrakta ndilo litabaki.

mpwani_dubai
Niwaongezee moja. Nipo Dubai mwaka wa kumi na mbili. Siku moja nilikwenda mtaa wa kale wa Al Fahidi kando ya khor, ule mkono wa bahari, nikaingia nyumba moja, nikainua macho darini nikasimama. Boriti! Wenyewe wanaziita chandali na wanakwambia kabisa zilikuja na majahazi kutoka Afrika Mashariki. Na chumba kilikuwa kirefu chembamba, nilikipima kwa hatua, kama mita tatu. Majahazi yalikuja Amu na upepo wa kaskazi, yakarudi na upepo wa kusi yamebeba miti yetu, na huku nako wakajenga kwa kipimo kile kile. Nilijihisi niko kwetu wallahi.

mjukuu_wa_mkomani
Shukran sana nyote, nimewasomea ndugu zangu kwa sauti kwenye simu. Kontrakta nimemwambia asubiri. Leo asubuhi nimepanda ngazi nikahesabu boriti za chumba cha nyanya, ziko 31, moja tu ndiyo imeliwa kichwani pale inapoingia ukutani upande wa bahari. Fundi, hiyo moja inaweza kubadilishwa bila kushusha dari?

fundi_chokaa
Yaweza. Inawekwa mhimili kila upande kwanza. Nitumie picha ya hicho kichwa na uniambie unene wake, usikadirie, zungusha kamba uipime.