Mrejesho: Glock 19 au Ceska, nimeshaamua

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza bastola ipi inamfaa mtu mwenye kiganja kidogo kama changu, Glock 19 au Ceska, yaani CZ 75, nikingoja kununua kwa leseni yangu. Wengi mlinisihi nizifyatue zote mbili kwanza. Nimefanya hivyo hapa Nairobi, risasi 100 kwa kila moja, zote za milimita 9.

Ceska ni chuma kitupu, karibu kilo 1, kwa hiyo teke lake ni dogo. Kwenye mita 10 matundu ya risasi zangu yalikusanyika hadi nikayafunika kwa kiganja. Shida ni risasi ya kwanza: kifyatulio kiko mbali na huvutwa safari ndefu, kidole changu hakikifikii vizuri.

Glock, gramu 600 hivi, inarusha mkono zaidi. Ilikwama mara mbili, ganda la risasi limesimama wima palepale linapotokea. Aliyeandika kwamba mkono legevu hukwamisha bastola, Mungu ambariki. Nilipokaza kifundo cha mkono, haikukwama tena.

Kwa ajili ya kile kifyatulio cha Ceska nisichokifikia, nimechukua Glock. Shabaha yangu bado haijafikia ile ya Ceska, Jumamosi narudi mazoezini.