Tupeane uzoefu: Tamasha la filamu la kimataifa lilikukaribisha ndani, au lilikuacha dakani?

Kutoka Lamu Mjini (mwanzilishi wa mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi wetu hapa Lamu na Malindi tumewahi kuwasilisha filamu, kujitolea au kuhudhuria matamasha ya filamu ya kimataifa, na kila mmoja amerudi na habari yake. Ningependa tuzikusanye mahali pamoja, kwa sababu waandaaji huzungumza sana juu ya kujumuisha watu wa kila aina, ilhali sisi ndio tunaojua mtu huachwa dakani kwa njia gani na huingizwa ndani kwa njia gani.

Ninaloliamini ni kwamba jambo hili haliamuliwi siku ya ufunguzi. Huamuliwa miezi mingi kabla, pale inapopangwa ada ya kuwasilisha filamu, wanapoteuliwa wajumbe wa kamati ya uteuzi, na inapoandikwa saa ya kila onyesho. Mwaka 2018, kwenye tamasha la filamu la Cannes, kule Ufaransa, wanawake 82 walisimama pamoja kwenye ngazi za ukumbi, idadi iliyolingana na filamu za waongozaji wanawake zilizokuwa zimeingia katika shindano kuu tangu 1946. Picha zao zilienea duniani kote, lakini kwangu mimi uzito zaidi uko katika ahadi ambayo wakuu wa tamasha hilo waliitia saini siku chache baadaye, ya kuhesabu filamu zinazowasilishwa kwa jinsia ya waongozaji na kuyaweka wazi majina ya wanaozichagua. Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegali, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu iliyoingia katika shindano hilo, na hilo halikutokea hadi mwaka 2019.

Uzoefu wangu ni wa karibu zaidi. Nilisaidia kuandaa maonyesho ya kijijini, katika mojawapo ya visiwa vyetu, yaliyokuwa sehemu ya tamasha la wageni. Ratiba iliyoletwa ilisema filamu zionyeshwe uwanjani baada ya sala ya Isha, na usiku wa kwanza uwanja ulijaa wanaume na vijana wa kiume, huku wanawake wachache wakisimama mbali ukutani. Wageni walidhani kwamba wanawake wa hapa hawapendi filamu. Kina mama wenyewe walipoulizwa walisema wazi kwamba wanazipenda, ila saa ile ina watoto wa kulaza na uwanja ule hauna mahali pao pa kukaa kwa stara. Tukahamia katika darasa la shule, tukaziba madirisha kwa leso, tukaanza alasiri baada ya watoto kutoka chuo cha Kurani, na mazungumzo baada ya filamu yakaongozwa na mwalimu wa kike wa kijiji hicho. Darasa halikutosha, na maswali yaliyoulizwa mle yalikuwa mazito kuliko yote niliyoyasikia uwanjani.

Wenzetu wa Unguja walilitambua hili mapema. ZIFF, tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, halikuishia ndani ya kuta za Ngome Kongwe. Lilipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba, na likawatengea wanawake ratiba yao.

Karibuni. Elezeni ilikuwaje, na kilichobadilika kilibadilishwa na nani. Tusiyataje majina ya waliotukosea.

Kutoka Malindi

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi. Niliwapeleka wanafunzi wangu wakubwa kwenye tamasha lililotangaza kwamba litakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara, na kweli mkalimani alikuwapo, tena hodari. Hotuba za ufunguzi zilitafsiriwa neno kwa neno. Kisha taa zikazimwa, filamu ikaanza, na mkalimani akapotea gizani pamoja na mikono yake. Filamu haikuwa na maandishi yoyote chini ya picha kwa sababu ilikuwa ya Kiswahili, na waandaaji walidhani kwamba ukumbi mzima utaelewa. Wanafunzi wangu walikaa saa nzima wakitazama midomo ikienda.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaiagiza serikali kuikuza lugha ya ishara ya Kenya pamoja na Breli, na mimi huona kwamba tamasha linalofanyika katika ardhi hii halina udhuru. Nilichowaomba waandaaji hakikuwa na gharama kubwa: filamu za Kiswahili ziandikwe maneno yake kwa Kiswahili, milio muhimu kama vile mlango kubishwa au mtu kulia nayo iandikwe, mkalimani apewe taa ndogo wakati wa maswali na majibu, na safu za mbele upande wake zihifadhiwe. Mwaka uliofuata walifanya mambo mawili kati ya hayo. Bado ninawaandikia.

Kutoka Lamu, mtaa wa Mkomani

Mwalimu, nimeguswa na maneno yako. Mimi hutumia kiti cha magurudumu, nami ni mwongozaji wa filamu fupi. Tamasha moja la jijini lilinipokea vizuri mno nikiwa mtazamaji, kwani mlangoni palikuwa na mteremko na ukumbini palikuwa na nafasi ya kiti changu. Shida ilianza filamu yangu ilipotajwa nami nikaitwa jukwaani, kwa sababu jukwaa lilikuwa na ngazi tu. Vijana wawili walinijia mbio ili waninyanyue, nikawakatalia kwa upole, nikazungumzia pale chini huku wenzangu wote wakiwa juu na taa zikiwamulika wao.

Nimelifikiria sana tukio lile. Waliopanga ukumbi walimkumbuka mlemavu anayekuja kutazama, wala hawakumwazia mlemavu aliyetengeneza filamu. Tangu hapo, kila ninapoalikwa huandika kwanza kuulizia njia ya kufika jukwaani, chumba cha waalikwa na choo. Mji wetu wenyewe una vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa zenye ngazi za mwinuko mkali, kwa hiyo yeyote atakayeandaa tamasha hapa asiende kwanza kwenye paa zenye mandhari nzuri. Uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome unafikika.

Kutoka Malindi

Niliwahi kuwa mtazamaji wa awali wa tamasha fulani, yaani mmoja wa wale wanaochuja filamu kabla hazijafika kwa kamati. Huko ndiko nilikoona wengi wanakopotelea, mahali pasipoonekana na watu. Filamu zilikuwa nyingi, muda ulikuwa mchache, na ruhusa ilikuwa kwamba ukitazama dakika chache bila kuvutiwa, uendelee na nyingine. Filamu zilizoanguka hapo kwa wingi ni zile zenye sauti hafifu iliyojaa upepo na zile zinazoanza taratibu, ambazo aghalabu zilitoka kwa watu wasio na vifaa.

Tulilalamika sisi wawili tuliotoka Pwani, na utaratibu ukageuzwa: kila filamu itazamwe hadi mwisho na watu wawili wenye asili tofauti, na anayeikataa aandike sababu. Kazi iliongezeka sana, wala sitaki kulificha hilo, lakini orodha ya mwaka ule ilikuwa na sura nyingine kabisa. Berlinale, tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, iliacha mwaka 2021 kugawa tuzo za uigizaji kwa wanaume na wanawake, na wapo wanaoona hiyo ndiyo hatua kubwa. Mimi huona kwamba tuzo huja mwisho, kwa waliokwisha kupita kwenye chujio.

Kutoka Faza

Filamu yangu ilikubaliwa Ulaya, mimi sikukubaliwa. Barua ya mwaliko ilichelewa, na kutoka kisiwani kwetu hadi Nairobi kwa ajili ya viza ni safari ya mashua kisha basi. Jibu la ubalozi lilikuja tamasha likiwa limekwisha. Waandaaji wanaojali huandika barua mapema, hutaja ndani yake kwamba wao ndio wanaogharimia nauli na malazi, na huandaa mazungumzo ya mtandaoni endapo viza itakataliwa.

Kutoka Lamu Mjini (mwanzilishi wa mada)

Nimeulizwa kando kuhusu ada, kwa hiyo nijibu hapa. Ada za kuwasilisha filamu hufika makumi ya dola na hulipwa kwa kadi, jambo linalomfungia nje kijana asiye na akaunti ya benki. Hata hivyo, matamasha mengi hutoa msamaha wa ada kwa anayeomba, ingawa si yote yanayoutangaza. Andika kwa ofisi ya ratiba wiki kadhaa kabla ya mwisho wa kupokea filamu, si siku za mwisho. Taja jina la filamu, urefu wake, nchi, lugha, kiungo cha kuitazama pamoja na nywila yake, kisha uombe msamaha kwa sentensi moja iliyo wazi. Aliye na barua iliyowahi kukubaliwa aibandike hapa, akiwa ameondoa majina, ili wengine waifuate.