Naomba ushauri: kupanga katikati ya mji ambapo watu watatembea kwa miguu

Wadau, habari zenu. Niko kwenye kamati ya mipango ya mji wa pembezoni unaokua haraka. Tumepata eneo la kupanga liwe kitovu cha mji: maduka chini, ofisi na nyumba za kuishi juu, watu watembee badala ya kutegemea magari.

Kinachonisumbua zaidi ni maegesho. Kanuni zetu zinalazimisha kila jengo liwe na idadi fulani ya nafasi za magari, na ukizifuata, sehemu kubwa ya ardhi inageuka lami. Maduka yanatawanyika na hakuna atakayetembea juani kutoka moja hadi lingine. Buffalo, kule Marekani, walifuta sharti hilo mwaka 2017. Wenzangu wanahofia wateja watapotea. Je, tufute kabisa, au tujenge maegesho ya pamoja, yatumiwe na ofisi mchana na wakazi usiku?

Halafu kuna urefu wa vitalu, yaani vipande vya majengo vilivyozungukwa na barabara. Katikati ya Portland, Marekani, ni takriban mita 60 kila upande, mtaa wa Eixample huko Barcelona, Hispania, takriban 113. Mimi navutiwa na vifupi maana mtembeaji anapata njia nyingi, ila barabara zinakula ardhi zaidi.

Pia nahofia maduka ya chini kubaki matupu miaka ya mwanzo, wakazi wakiwa bado wachache. Mliowahi kusimamia mradi wa namna hii, mlitangulia na nyumba au biashara? Na kodi za pango mlizipangaje ili wafanyabiashara wadogo wasisukumwe nje? Mkutano wa wananchi unakaribia, nitashukuru sana.