Ugonjwa wa kusahau ni wa Wazungu?

Mlamu_Tanga: Wakuu, hii Alzheimer mnaikuza. Ni ugonjwa wa Wazungu. Babu zetu walikula mihogo na dagaa, wakafa na akili timamu.

Binti_Siha: Wengi walikufa mapema. Ugonjwa huu unafuata umri, na ukishavuka 65 hatari inazidi kupanda. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kwa wazee nyumbani wakakuta kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, yaani akili kufifia na kusahau, kundi ambalo Alzheimer imo. Ulaya hawajatuacha mbali. Duniani ni watu milioni 57 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2021, wengi wao nchi zisizo tajiri.

MzeeWaKahawa: Na Ibadan, Nigeria, je? Wayoruba walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Wagonjwa wapya Ibadan walikuwa kama nusu tu. Mlamu ana hoja.

Binti_Siha: Kuhusu mtindo wa maisha, sawa. Ila mihogo haijatajwa. Zinazotajwa kuongeza hatari ni presha, kisukari, sigara, masikio kutosikia, elimu ndogo utotoni. Ripoti ya jarida la tiba la Lancet ya 2024 imeorodhesha mambo 14 na kusema karibu nusu ya demensia ingezuilika au kucheleweshwa.

MamaWawili: Elimu ndogo?? Mama yangu hakuona darasa, na hesabu za kikoba kizima alikuwa nazo kichwani. Usituitie wazazi mbumbumbu!

Binti_Siha: Dada, hakuna aliyesema hivyo. Shule inaupa ubongo akiba, dalili zinachelewa. Ni hatari tu, si hukumu.

Mlamu_Tanga: Maprofesa nao wanasahau njia ya kwao. Akiba yao iko wapi?

MzeeWaKahawa: MamaWawili, umesema "alikuwa nazo". Sasa hali yake ikoje?

MamaWawili: Yuko kwa kaka. Wifi anamfungia ndani mchana kutwa kama mbuzi. Wasomi hao.

Ngosha_Shy: Afadhali kufungiwa. Huku kwetu bibi akizurura usiku akiongea peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anaitwa mchawi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hilo. Halafu mtu anasema ni ugonjwa wa Wazungu!

Mlamu_Tanga: Usinisingizie mapanga, bwana. Mimi nimesema mihogo.

Wifi_wa_Watu: MamaWawili, mchukue wewe basi. Kaka zenu wanarudi saa tatu usiku, wanakula, wanalala. Anayemwogesha mama ni nani? Anayemkimbilia akitoka uchi barabarani ni nani? Mwezi huu umetuma shilingi ngapi?