Mrejesho: Poka mtandaoni, baada ya mwezi mmoja

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza kutoka Ujiji, Kigoma, namna ya kuanza kucheza poka mtandaoni bila kugusa mtaji wangu wa dagaa. Nilifuata ushauri wenu wa kuanzia meza zisizo za fedha halisi, na huko nikagundua kosa langu: niliingia karibu kila mchezo, ilhali katika Texas Hold'em, aina ya poka ninayocheza, mtu hugawiwa karata 2 tu za kwake mwenyewe, na ree mbili, ambazo ndizo bora kuanzia, humjia kwa wastani mara 1 katika migawo 221. Sasa karata dhaifu nazitupa mapema na kujitoa kwenye mchezo huo. Kilichonishangaza ni kwamba kuamua mwisho, baada ya kuona wenzangu wamefanya nini, kumenisaidia kuliko karata nzuri. Fedha sijaweka, kwani tovuti niliyoitamani haina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.